Mizani Tunayo, Kimo Tunakikisia: Barua ya Wazi kwa Walioshika Dhamana ya Afya ya Watoto

Kwenu mawaziri wa afya na wa elimu, waganga wakuu, wakuu wa vituo, na wote ambao kalamu zenu ndizo zinazoamua mtoto apimwe nini na mpaka umri gani,

Salaam na heshima.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto. Kazi hii nimeifanya muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya niliowalaza kwenye mizani wakiwa wachanga leo wananiletea wachanga wao. Nawaandikia kwa sababu ya sakafu.

Miaka kadhaa iliyopita kituo chetu kilikarabatiwa. Kuta zikapakwa rangi, taa zikabadilishwa, na sakafu ya saruji iliyokuwa imechimbika ikawekwa vigae. Wakubwa wakaja, wakapiga picha, wakaondoka. Hakuna aliyeukumbuka utepe wa kupimia kimo uliopigiliwa ukutani nyuma ya mlango, na mimi sikuukumbuka vilevile. Vigae pamoja na saruji yake vilikuwa vimeinua sakafu kwa sentimita mbili. Utepe ukabaki palepale. Tangu siku ile kila mtoto aliyesimama pale aliongezewa sentimita mbili ambazo hakuwa nazo, na sisi tukawa tunaandika tu.

Niligundua kwa mzaha. Mchana mmoja foleni ilikuwa imeisha, nikavua viatu nikasimama ukutani mwenyewe, mwenzangu akanisomea. Nimerefuka sentimita mbili, na umri wangu ni miaka hamsini na ushee! Tukacheka sana, halafu tukanyamaza.

Jioni ile nilibaki na madaftari. Watoto wengi hawakudhurika na kosa lile. Mtoto anayekua vizuri ukimwongezea sentimita mbili bado anakua vizuri. Lakini kulikuwa na binti mmoja. Alikuwa ameshapita umri wa kliniki, alikuja tu akimsindikiza mama yake aliyemleta mdogo wake, nami kwa mazoea yangu nilimsimamisha ukutani. Alipokuwa na miaka saba, kwenye sakafu ya zamani, niliandika 114. Alipofikisha minane, kwenye vigae, nikaandika 118. Sentimita nne kwa mwaka ni chache, ila siku ile hazikunishtua. Sasa zitoe zile mbili za sakafu. Mtoto wa miaka saba alikuwa amekaa mwaka mzima akaongezeka sentimita mbili tu.

Tena nikakumbuka maneno ya mama yake. Alikuwa ameniambia, huku akifurahi, kwamba safari hii hakushona sare mpya: gauni la shule la mwaka uliopita lilikuwa bado linamfika binti magotini vilevile, ila kiunoni lilimbana, akaachia mshono. Jawabu lote lilikuwa ndani ya gauni lile. Urefu umesimama, unene unaendelea. Mimi nilimsifu kwa kubana matumizi.

Daktari aliyempokea binti yule alimshika mikono, akauliza kama husikia baridi wakati wenzake wanasikia joto, kama anapata choo kwa shida, kama amekuwa mzito wa kuamka. Kila swali jibu lilikuwa ndiyo. Kipimo cha damu kikaonyesha tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni, ilikuwa karibu imelala. Akaanzishiwa kidonge kimoja kidogo kila asubuhi. Mwaka wa kwanza wa dawa alipanda sentimita tisa, na hizo nilizipima kwa utepe uliorekebishwa.

Ninachowaomba ni jambo dogo kwa kulitaja na gumu kwa kulitekeleza: kimo kipimwe. Kipimwe sawasawa, kirudiwe baada ya miezi, kiendelee kupimwa baada ya miaka mitano, na pawepo mtu anayejua la kufanya mstari wa ukuaji wa mtoto kwenye chati unapolala.

Vituo vingi vina mizani. Uzito ni rahisi: mtoto anawekwa, namba inatoka, foleni inasogea. Kimo kinataka watu wawili, muda na uvumilivu, kwa hiyo siku ya watu wengi ndicho kinachorukwa. Ninyi mkipokea takwimu za robo mwaka mnaona uzito wa kila mtoto, mnaridhika. Lakini uzito peke yake ni shahidi wa upande mmoja. Mtoto anayekosa lishe, au ambaye utumbo wake haufyonzi anachokula, kwa kawaida hupungua uzito kwanza, kimo kikafuata nyuma. Mwenye shida ya homoni huwa kinyume chake: kimo kinasimama huku uzito ukiwa mzuri, pengine mzuri kupita kiasi. Huyu wa pili kwenye mizani anaonekana mtoto wa mfano. Mama anapongezwa na kurudishwa nyumbani.

Ukuaji una mwendo wake, na mwendo huo unajulikana. Mtoto anayezaliwa kwa wakati huwa na urefu wa karibu sentimita 50. Mwaka wa kwanza huongeza takriban 25, wa pili kama 12, kisha kasi inatulia hadi 5 au 6 kwa mwaka mpaka kubalehe kunapoanza. Wakati wa kubalehe kasi inapanda tena, sentimita 8 hadi 10 katika mwaka ule wa kilele, wasichana wakitangulia kama miaka miwili mbele ya wavulana. Msichana akishavunja ungo, sehemu kubwa ya safari imekwisha. Hubakiwa na sentimita chache tu. Mwishoni gegedu zilizo kwenye ncha za mifupa mirefu, ambazo ndizo mahali urefu unapotengenezwa, hugeuka kuwa mfupa mtupu. Hapo hakuna chakula, kidonge wala mazoezi ya kuning'inia yatakayomrefusha mtu. (Wanaouza dawa za kurefusha watu wazima mitandaoni wanalijua hilo vizuri kuliko wanunuzi wao. Mkipata nafasi, washughulikieni na hao.)

Kwa hiyo swali la kwanza la mtu wa kliniki linapaswa kuwa, "Huyu ameongezeka kiasi gani tangu nilipomwona mara ya mwisho?" Swali la "huyu ni mfupi kiasi gani?" lije baadaye. Mtoto mfupi anayeongeza sentimita zake 5 au 6 kila mwaka, akitembea sambamba na mstari wake, mara nyingi ni mzima. Mtoto wa kimo cha wastani anayeshuka kwenye chati akivuka mstari mmoja baada ya mwingine ndiye wa kukimbilia, hata kama darasani si wa mwisho kwa ufupi. Katika miaka miwili ya mwanzo kuvuka mstari kunaweza kuwa kawaida, kwa maana mtoto anatafuta njia aliyorithi. Baada ya hapo hadi kubalehe, mstari hauvukwi bila sababu. Chini ya sentimita 4 kwa mwaka katika umri wa shule ya msingi ni jambo la kuulizwa.

Namba moja haiwezi kujibu swali hilo. Zinatakiwa mbili, zenye miezi kati yake, zilizopimwa kwa namna moja. Karne ya 18 Mfaransa mmoja, Philibert de Montbeillard, alimpima mwanawe tangu 1759 hadi 1777, kila baada ya takriban miezi sita, toka kuzaliwa mpaka utu uzima. Hakuwa na kompyuta wala wafadhili. Kumbukumbu yake bado inachorwa kwenye vitabu vya ukuaji wa watoto, na umbo la mstari wake ni lilelile ninaloliona kwenye kadi zetu. Alichokuwa nacho ni kipimo cha kuaminika na mazoea ya kurudia.

Nikisema kipimo cha kuaminika, namaanisha hivi. Mtoto wa chini ya miaka miwili analazwa kwenye ubao: mmoja anashika kichwa kiguse ubao wa juu, mwingine ananyoosha magoti na kusogeza ubao wa miguuni. Akizidi miaka miwili anasimama, bila viatu, nywele zilizofungwa juu zikifunguliwa, visigino, makalio na mabega vikigusa ukuta, macho yakitazama mbele. Anasomwa mpaka milimita, anaondoka, anarudi, anasomwa tena. Kulala na kusimama hutofautiana kwa kama milimita 7, kwa hiyo asiyeandika alimpimaje mtoto ameandika nusu. Hata saa ina maana: sote tunafupika kidogo ifikapo jioni kwa sababu uti wa mgongo hujikandamiza mchana kutwa, na kwa mtoto tofauti hiyo inaweza kufika sentimita nzima. Kwa mtoto anayetakiwa kupanda tano au sita kwa mwaka, sentimita moja ni miezi miwili ya maisha yake.

Sasa nije kwenye neno ambalo linanikera, na najua nawakanyaga vidole. Neno hilo ni udumavu.

Sina ugomvi na vita dhidi ya udumavu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa viwango vipya vya ukuaji mwaka 2006, lilikuwa limefuata watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani waliolelewa katika hali nzuri, na likakuta kwamba hadi miaka mitano watoto hao walikua karibu sawasawa. Ugunduzi ule ni mzito, kwa kuwa ulitunyang'anya kisingizio cha kusema "watu wa huku ndivyo walivyo". Mwaka 2022 watoto wapatao milioni 148 wa chini ya miaka mitano duniani walihesabiwa kuwa wamedumaa, na wengi wao ni kwa sababu zinazojulikana: lishe duni ya mama mjamzito na ya mtoto, kuhara kusikoisha, maji machafu yanayouchosha utumbo hata chakula kikiwepo. Hayo endeleeni nayo, fedha ziongezwe.

Lakini udumavu ni kipimo cha jamii. Mstari unaotumika, wa hasi mbili kwenye chati, yaani ulio mbali chini ya kimo cha katikati cha watoto wa umri huo, umechorwa kwa namna ambayo hata katika jamii isiyo na njaa wala ugonjwa, watoto wapatao 2 katika kila 100 watakuwa chini yake, nao ni wazima kabisa. Ukiuchukua mstari huo ukaugeuza kuwa ugonjwa wa mtoto mmoja aliyekaa mbele yako, unafanya makosa mawili kwa mpigo. Mzima unamwita mgonjwa. Na mgonjwa wa kitu kingine unamwandikia njaa. Nimewaona akina mama wakitoka chumbani wameinamisha uso kwa sababu wameambiwa hawawalishi wanao, ilhali mtoto amerithi kimo cha baba yake aliyekuwa amesimama naye palepale mlangoni.

Urithi tunao njia ya kuukadiria, na haihitaji maabara. Jumlisha kimo cha baba na cha mama. Kwa mvulana ongeza 13, kwa msichana toa 13. Kisha gawa kwa mbili. Unapata kimo ambacho mtoto anaelekea akiwa mtu mzima, pamoja na nafasi ya kama sentimita 8 hadi 10 juu na chini. Wazazi wapimwe kweli, maana wanaume kwa maneno yao wenyewe huwa warefu kuliko walivyo.

Wapo pia wanaochelewa. Kijana wa miaka kumi na minne anaonekana wa kumi na mmoja, sauti haijavunjika, timu ya mpira inamweka benchi. Ukiuliza nyumbani unaambiwa baba yake naye aliota ndevu wakati wenzake wanamaliza shule. Picha ya eksirei ya mkono wa kushoto inaonyesha mifupa yake ina umri mdogo kuliko miaka yake, maana yake bado ana nafasi ya kukua. Wengi wa vijana hawa watafika, kwa muda wao. Wanachohitaji ni mtu wa kuwaeleza, na walimu wawape kazi za umri wao badala ya kuwadekeza kama watoto wadogo.

Wanaobaki ni wachache, nao ndio hasa nawaandikia juu yao, kwa sababu kwao kuchelewa kuna gharama. Thairoidi nimeshaitaja. Msichana mmoja katika kila 2,000 hadi 2,500 huzaliwa na sindromu ya Turner, yaani amekosa kromosomu moja ya X au sehemu yake. Wengi akili zao ni timamu kabisa na dalili pekee inayoonekana mapema ni ufupi, kumbe moyo, figo na mayai ya uzazi vinahitaji kuangaliwa. Tezi ya pituitari chini ya ubongo inaweza isitoe homoni ya ukuaji ya kutosha, na wakati mwingine sababu ni uvimbe. Figo zinaweza kuwa zinachoka kimyakimya. Utumbo unaweza kuwa unapigana na protini ya ngano, ugonjwa wa seliaki, bila mtoto kuharisha hata siku moja. Selimundu, VVU, moyo wenye tundu, pumu inayotibiwa kwa steroidi za kumeza mwezi baada ya mwezi: yote huacha alama kwenye kimo. Waliozaliwa wadogo kuliko umri wa mimba wengi wao huwafikia wenzao ndani ya miaka miwili, lakini kama mmoja kati ya kumi hafiki. Wapo na wenye mifupa iliyoumbwa kwa namna nyingine, kama akondroplasia, ambao wengi huzaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida. Hawa hawahitaji huruma zetu kama wanavyohitaji madawati, ngazi na vyoo vinavyofikika.

Kuna sababu moja haionekani kwenye damu wala kwenye eksirei. Mwaka 1951 mtafiti Mwingereza Elsie Widdowson alichapisha habari za vituo viwili vya yatima vya Ujerumani baada ya vita. Kimoja watoto wake walianza kupewa chakula cha ziada. Ikasadifu wakati uleule akahamishiwa hapo mlezi mkali, mtu wa kukaripia watoto mezani mbele ya wenzao mpaka wanalia. Watoto walioongezewa chakula wakakua kidogo kuliko wale wasioongezewa, ambao mlezi yule alikuwa amewaondokea. Mtoto anayeishi kwa hofu anaweza kuacha kukua. Kwa hiyo mstari uliolala wakati mwingine unapaswa kumpeleka mtu wa ustawi wa jamii nyumbani kwa mtoto, na fomu zetu hazina hata kisanduku cha kuandika hivyo.

Sijaja kuomba sindano za homoni ya ukuaji kwa kila mfupi. Homoni ile ina historia yake: mpaka miaka ya 1980 ilikamuliwa kutoka kwenye tezi za maiti, na baadhi ya watoto waliochomwa walikuja kufa kwa ugonjwa wa ubongo miaka mingi baadaye. Ya sasa hutengenezwa maabara, inafaa kwa wanaostahili, na ni ghali. Ninayoyaomba ni ya chini ya hapo. Ubao wa kulalia na kipimo cha ukutani katika kila kituo chenye mizani, na fimbo ya urefu unaojulikana ya kukihakiki kila mwezi, na kila mara fundi anapogusa sakafu. Wauguzi wawili siku ya kupima. Chati inayoendelea mpaka miaka kumi na minane, kwa maana leo kadi zetu nyingi zinakoma mitano kana kwamba mtoto hukoma hapo. Shuleni, mwalimu aliyefundishwa kwa siku mbili apime darasa zima mara mbili kwa mwaka, faraghani, si mbele ya wenzao, na namba zimfuate mtoto akihama. Na juu ya yote, mahali pa kumpeleka: nikiona mstari umelala niwe na daktari wa kumwandikia barua, na vipimo vichache vya kuanzia ambavyo mzazi hatauza kitu kuvilipia.

Waheshimiwa wa elimu, najua mtasema walimu wamelemewa. Ni kweli. Lakini mwalimu ndiye anayemwona mtoto kila siku, na tayari anawapanga mstarini kwa kimo kila asubuhi. Anachokosa ni mahali pa kuandika.

Utepe wetu sasa umepandishwa, na pembeni yake nimechora alama ya kimo changu kwa kalamu ya wino usiofutika. Kila Jumatatu kabla hatujafungua mlango nasimama pale. Alama ikipishana na kichwa changu, hatupimi mpaka tujue ni mimi au ni sakafu.

Karibuni mje muone. Tunaanza saa mbili asubuhi, nanyi tutawapima kabla ya watoto, kwa hiyo njooni na viatu vinavyovulika upesi.

Wenu katika kazi,
Muuguzi wa kliniki ya watoto